Seti ya geji ya presha ya mafuta (petroli), shilingi 65,000 Gerezani, Dar es Salaam: nilivyoitumia kwenye Forester ya turbo

Muuzaji alianza na 90,000, tukamalizana 65,000. Ni boksi la plastiki jekundu, ndani kuna geji ya mshale inayosoma 0 hadi 140 PSI (kipimo cha presha), mpira wake, kitufe cha kutolea presha chenye kibomba cheupe cha kumwagia mafuta kwenye chupa, na lundo la viungo vya shaba ambavyo vingi hata sijui vinaingia gari gani. Nimetumia kimoja tu, ile tii (kiungo cha njia tatu) ya milimita 8. Jina la kiwanda halipo popote.

Kabla ya kuinunua nilikuwa nimeshateketeza zaidi ya laki sita nikibahatisha.

Gari ni Subaru Forester SG5, injini EJ205. Turbo imewekwa kubwa kuliko ya kiwandani, nozeli kubwa, pampu ya lita 255 kwa saa, kompyuta imetyuniwa kwa busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) ya 14 PSI. Miezi minane ilikimbia bila neno. Halafu siku moja natoka Morogoro, nipo karibu na Mlandizi, nikaivuta gia ya tatu nilipite basi. Mshale wa RPM ulipofika 4,500 ikakosa pumzi, kama mtu aliyekabwa koo. Nikaachia mguu, ikatulia. Mjini haina shida yoyote: inawaka mara moja, sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa) imetulia, taa ya injini haiwaki.

Fundi wa kwanza akabadilisha plagi na koili. Hakuna kitu. Wa pili akasikiliza nyuma kwenye tanki, akatikisa kichwa: "Bosi, pampu imekufa hiyo, sikia inavyolia." Pampu mpya 280,000, ufundi 40,000, na 4,500 ikakabwa palepale. Wa tatu akapima umeme kwenye soketi ya pampu gari likiwa sailensi, akakuta volti chache, akataka kuvuta waya mpya kutoka mbele mpaka nyuma. Huyo nilimzuia. Subaru hizi za turbo zina kontrola ya pampu. Sailensi inaibania umeme makusudi kwa kuwa injini inakunywa kidogo, ukikanyaga inaachia wote. Ukipima sailensi utamhukumu waya asiye na kosa. Nilipopitisha nyaya za maltimita hadi ndani na rafiki yangu akasoma huku nimekanyaga, ilikuwa volti 13.2. Umeme mzuri kabisa.

Ndipo nikaenda Gerezani.

Kuifunga kunahitaji subira kuliko ujuzi. Chomoa soketi ya pampu, washa injini mpaka ijizime yenyewe, presha imeshuka. Tii nikaiweka kwenye mpira wa mafuta baada ya filta, chini ya boneti. Hapa ndipo seti inaponipa malalamiko ya kwanza: klipu zilizokuja nayo ni za bati jepesi, moja ilichuruza nilipowasha tu. Nikazitupa zote nne, nikanunua klipu za maana za 1,500 kila moja. Petroli inayochuruza juu ya injini ya moto si jambo la kuangalia kesho. Kizima moto kidogo kiwe mkononi, si kwenye buti chini ya mizigo.

Nikapima sailensi kwanza. Mpira wa vakyumu ukiwa kwenye reguleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, ilisoma 34. Nikauchomoa na kuuziba, ikapanda 43. Hiyo ndiyo namba ya kawaida ya injini hii, na kama fundi yeyote angepima angesema presha nzuri, nenda nyumbani. Sailensi haisemi chochote. Reguleta inafuata busti hatua kwa hatua: busti ya 14 juu ya 43, nataka kuona 57. Ikipungua hapo, nozeli zinafunguka muda uleule lakini zinatoa mafuta machache.

Mpira wa geji ni mrefu vya kutosha kupita ukingoni mwa boneti, na hii ni sifa yake kubwa. Nilibandika geji kwa tepu ya karatasi kwenye kioo cha mbele, kwa nje, tukaenda barabara ya Bagamoyo mbele ya Bunju alfajiri ya Jumapili. Kwa nje, narudia. Usiingize mpira wenye petroli ya presha ndani ya gari unalokalia. Rafiki akarekodi kwa simu, kamera imebeba mshale wa geji na wa busti pamoja.

Video hiyo nimeitazama mara ishirini. Gia ya tatu, busti 14, presha inapanda hadi 49, inasita, inaanza kushuka: 46, 44, 41. Nikaachia. Ukitoa busti ya 14, inayosukuma kinyume kwenye nozeli, kwenye 41, zinabaki 27 za kusukuma mafuta, badala ya 43. Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha, kwa hiyo mafuta yalipungua karibu moja ya tano. Na pistoni za EJ hazina msamaha na jambo hilo.

Umeme mzima, filta mpya, pampu mpya. Tukazima injini, tukalisha pampu moja kwa moja kutoka betri, nikabana kidogo mpira wa kurudisha mafuta, sekunde mbili tu. Pampu ya aina hii inapita 80 bila kuhangaika. Yangu iligoma kwenye 58. Nikaweka sikio kwenye kifuniko cha tanki, chini ya zulia la nyuma: fyuuu, mchirizo, ndani kwa ndani.

Tukatoa pampu. Kuna kimpira kifupi, kama urefu wa kidole, kinachounga pampu na bomba la kutokea. Aliyeweka pampu kubwa mwanzoni alikata kipande cha mpira wa kawaida wa petroli, ule wa kutumika nje ya tanki. Kuzama kwenye petroli kumeufanya uvimbe, ulainike, upasuke chini ya klipu. Na fundi wa pili alipobadilisha pampu aliurudisha uleule! Mafuta yalikuwa yanarudi tankini kabla hata ya kutoka, ndiyo maana hapakuwa na harufu wala tone chini ya gari. Mpira unaofaa kuzama umeandikwa 30R10. Nimenunua kipande kwa 18,000. Bunju tena: 57, imesimama kama mlingoti mpaka 6,500.

Sasa seti yenyewe. Mshale unatetemeka sana sailensi, hauna kitu cha kuutuliza, inabidi ukadirie katikati. Mistari ni miembamba, kusoma PSI mojamoja kwenye gari linalokwenda ni kazi, bila simu nisingeweza. Nililinganisha na geji ya kompresa ya jirani: kwenye 40 yangu ilisema 42. Kwa kazi ya kutafuta presha inayoporomoka hilo halina madhara, ila ukitaka kutyuni kwa namba zake, tafuta sensa ya maana. Kitufe cha kutolea presha kinafanya kazi safi, hakijavuja hata mara moja. Viungo vya shaba vimeshaanza kubadilika rangi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningeipa nne kama si zile klipu. Kwa sasa ipo kwa jirani mwenye Mark II, alisema anaihitaji siku mbili. Hii ni wiki ya tatu.