Wachumba mkifika Darajani: hina, kikuba, udi na kanga vya kuchukua, na vya kuviacha palepale

Wachumba wengi wanaovuka kutoka Dar es Salaam kwa boti hukaa Unguja siku mbili tatu, na nusu siku moja huishia madukani. Nusu siku hiyo inatosha kupata vitu vya harusi ambavyo bara ni shida kuvipata kwa ubora huu. Inatosha pia kurudi na ngozi iliyobabuka, udi wa kupuliziwa manukato na kanga ya mafumbo kwa mama mkwe. Tathmini hii ni ya eneo moja tu: soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, na maduka ya Mchangani na Mkunazini yaliyo jirani nalo. Gizenga na Hurumzi, mitaa ya Mji Mkongwe, ni pazuri kwa picha na vinyago, lakini mwenye harusi mbele yake ataondoka huko mikono mitupu au mfuko mtupu.

Nendeni saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali na vichochoro havijafurika. Ijumaa malizeni kabla ya saa sita, maana wengi hufunga kwenda kusali. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana kumepoa, na baada ya futari ndipo Mchangani inapochangamka. Na mavazi, kwa nyote wawili, yafunike mabega na magoti. Hapa ni mjini kwa watu, si ufukweni. Kushikana mikono hakuna atakayewasema. Kukumbatiana na kubusiana barabarani kutawaletea macho msiyoyataka.

Tuanze na hina, kwani ndiyo inayoharibika zaidi na ndiyo inayopangiwa muda vibaya. Hina yenyewe ni majani ya mhina yaliyokaushwa, yakasagwa na kuchungwa. Unga wake ni wa kijani na unanukia majani makavu. Hukandwa kwa maji ya ndimu, ukafunikwa kwa saa kadhaa au usiku kucha mpaka rangi itoke, ndipo hutiwa kwenye koni ya kuchorea. Ikishachorwa, ikae mwilini saa nne mpaka nane. Haioshwi kwa maji: hubanduliwa ikiwa kavu, kisha mahali pale hupakwa mafuta kidogo. Ikibanduliwa ina rangi ya chungwa, na hapo wengi hulalamika kwamba wametapeliwa. Subirini. Huiva polepole, na baada ya siku mbili ndipo inapokuwa hudhurungi ya kukolea. Viganja na nyayo hukolea zaidi kwa sababu ngozi yake ni nene. Juu ya mkono rangi huwa nyepesi, na hiyo si kosa la mchoraji.

Hina nyeusi haipo. Kinachoitwa hivyo ni piko, unga wa kupaka nywele rangi, na dawa iliyomo ndani yake haikukusudiwa kupakwa ngozini ikaachwa. Wanaotembeza michoro ufukweni hupenda piko kwa sababu hushika ndani ya saa moja na mgeni hana subira ya saa sita. Madhara yake huja kwa kuchelewa: mtu huondoka vizuri, halafu baada ya siku kadhaa, hata wiki, ua zima linafura malengelenge kwa kufuata mistari ileile ya mchoro. Kovu linaweza kubaki, na aliyeathirika mara moja huenda asiweze tena kupaka rangi ya nywele maisha yake yote. Kwa hiyo msiulize bei kwanza. Ulizeni koni ina nini, na inachukua muda gani kushika. Ukijibiwa dakika thelathini, shukuru uende zako. Mchoraji mzuri atakubali kukuonyesha unga wake kabla haujakandwa.

Kosa la pili ni ratiba. Wachumba huchorwa siku ya kwanza, kesho yake wanaingia baharini Nungwi au Paje, na chumvi na mchanga vinasugua kila kitu. Hina iwe jambo la mwisho: jioni ya kuamkia safari ya kurudi, baada ya kuoga, bila losheni wala mafuta ya jua, maana ngozi yenye mafuta haishiki. Kama sherehe ya uchumba ni wiki ileile, hesabuni siku mbili nyuma.

Kikuba nacho kina saa yake. Ni kifurushi cha maua kisichozidi kiganja: asumini, langilangi, waridi, rehani na vipande vya mkadi, vikafungwa kwa uzi na kubanwa kifuani au kwenye nywele. Asumini hufunguka jua linapotua, kwa hiyo kikuba cha kununua ni cha alasiri, vitumba bado vimefumba na vyeupe. Vikiwa na ncha za kahawia, hicho ni cha jana kilichonyunyiziwa maji. Kinunueni saa kumi, kifungwe kwenye jani la mgomba, na ifikapo saa mbili usiku, mkiwa mmekaa bustani ya Forodhani, kitakuwa ndiyo kwanza kinaanza kunukia. Hakuna kitu cha thamani ndogo kwenye safari nzima kinachomfurahisha mchumba wa kike kama hiki. Asubuhi kimesinyaa, na ndivyo kilivyo.

Singo ya kusugulia mwili nunueni ile kavu. Ile iliyokwisha kukandwa kwa marashi ya waridi ni laini na inavutia, lakini kwenye joto la safari huota ukungu. Kavu mtaikanda wenyewe nyumbani: vijiko vitatu vikubwa vya unga, marashi kidogo kidogo mpaka iwe uji mzito. Ipakwe, iachwe ikauke nusu, kisha isuguliwe na kudondoka. Jaribuni kwanza ndani ya mkono, na isipakwe ngozi iliyonyolewa siku hiyo, kwa kuwa karafuu iliyomo inachoma. Kama ina manjano, taulo nyeupe ya hoteli itawadai.

Kwenye udi ndiko pesa nyingi hupotea. Vipande vya udi huja kutoka Asia na vile halisi ni ghali popote duniani, kwa hiyo kopo kubwa la bei ndogo linajieleza. Mwombeni muuzaji achome kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Duka la maana lina chetezo tayari. Tazameni ukingo wa kipande kinapopata moto: udi mzuri hutoa utomvu unaochemka kama povu dogo, na moshi wake ni mwembamba, mtamu, haukwaruzi koo. Kipande kilichopuliziwa manukato hunukia sana kikiwa baridi, halafu kwenye kaa kinatoa moshi mzito wenye harufu ya kuni. Pua ikichoka baada ya aina tatu, pumzikeni. Ya nne hamtaijua.

Ushauri wetu kwa bajeti ya kawaida ni udi wa kupika, unaotengenezwa hapa kwa sukari, vipande vya udi na manukato. Mzuri ni mgumu kama peremende na unavunjika kwa sauti. Ukinata vidoleni umeshaingiwa na unyevu. Uhifadhiwe kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza. Kuchoma kwake kunataka subira: kaa lisubiriwe mpaka livae jivu jeupe, kwa sababu juu ya kaa jekundu sukari huungua kabla ya manukato kupanda, na chumba kikanukia sufuria iliyoungua. Hotelini ulizeni kwanza. King'ora cha moshi hakijui harusi.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Isambazeni yote kabla ya kulipa na msome jina, yaani maandishi yake, herufi kwa herufi, tena kwa sauti. "Nani kama mama" inampendeza mkwe. "Hasidi hana sababu" italeta kikao cha ukoo. Lowesheni pembe kwa maji na kuifuta kwa leso nyeupe kuona kama inachuja. Finyangeni kitambaa kiganjani: pamba hubaki na mikunjo, nailoni hujifungua yenyewe, na hiyo hainyonyi jasho. Kwa bi harusi ulizeni kisutu, kile cha nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kupinda ncha ni kazi ya fundi cherehani hapohapo, dakika chache; msiondoke bila kufanya hivyo, kwani kanga isiyopindwa huchanika nyuzi ikifuliwa mara ya kwanza.

Mchumba wa kiume asisahauliwe: kofia ya mkono yenye vitobo vilivyoshonwa kimoja kimoja. Pimeni kichwa kwa tepu, kidole kimoja juu ya masikio. Igeuzeni ndani: ya mkono, vitobo havilingani sawasawa, ya mashine vimefanana kabisa na nyuzi zinaning'inia. Kushona moja huchukua wiki nyingi, na bei yake ni haki yake.

Viungo, kwa ufupi. Karafuu ikifinywa kwa ukucha itoe mafuta. Isiyotoa haina kazi. Zafarani hailimwi hapa. Iliyo rahisi, inayotia maji rangi mara moja, siyo. Na chochote cha gamba la ng'amba, aina ya kasa, kiacheni mezani, kwani kasa wote wanalindwa na sheria.

Kufungasha: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku visiwani na bara, hivyo nunueni mkoba wa ukili palepale. Udi na singo vikae mbali na kanga, kila kimoja na chupa yake. Wanaoendelea Nairobi kwa ndege waweke marashi ya waridi kwenye begi la chini. Chupa ya zaidi ya mililita 100 haitapita nao mkononi.