Kapsuli za vimeng'enya na kisukari: kopo moja la 90, mlo kwa mlo

Hili ni kopo la vimeng'enya vya kusaidia kusaga chakula tumboni, kapsuli 90, moja kwa kila mlo mkubwa, kwa hiyo linakwisha kwa mwezi. Nina kisukari cha aina ya pili na dawa yangu ni metformin peke yake. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa ninayoyaeleza yanagusa karibu makopo yote ya namna hii. Natoa nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya tumbo. Kwa upande wa sukari sitoi hata moja, ingawa ubavuni mwa kopo wameandika kwamba linasaidia kuidhibiti.

Maandishi hayo yamenikera sana, maana yanakwenda kinyume na kazi ya kilichomo ndani. Kuna amilesi ya kuvunja wanga, protesi ya protini, lipesi ya mafuta, laktesi ya sukari ya maziwa, pamoja na papeini ya papai na bromeleini ya nanasi. Amilesi inageuza wanga kuwa sukari. Sasa itaishushaje sukari ya damu?

Kazi yake unaweza kuiona jikoni kwako. Pika uji mzito wa sembe, uache upoe hadi kidole kivumilie, ugawe kwenye bakuli mbili. Fungua kapsuli moja, nyunyiza unga wake kwenye bakuli la kwanza, koroga, subiri kama dakika kumi. Uji huo unalegea hadi unachuruzika kwenye kijiko, na wa bakuli la pili bado umeshikamana. Uonje: una utamu ambao hukuutia. Aliyewahi kukoroga kimea kwenye uji wa mtoto anaijua hali hii, kwa sababu kimea nacho kinafanya kazi kwa amilesi. Jaribio hili linakupimia na kopo lenyewe: kapsuli isiyolegeza uji vuguvugu, amilesi yake imekwisha nguvu. Usitumie uji unaochemka, moto unaua kimeng'enya. Kwa sababu hiyohiyo meza kapsuli kwa maji ya kawaida, si kwa chai ya moto. Kopo likae mbali na jiko na mbali na dirisha lenye jua. Lebo nyingi zinataka joto lisizidi nyuzi 25, na chumba cha Dar es Salaam mwezi wa pili kinapita hapo mchana kutwa.

Kwenye damu nilipima kwa sahani ileile ya ugali wa dona, maharage na mchicha, siku tatu na kapsuli, siku tatu bila. Saa mbili baada ya kula, bila kapsuli nilipata kati ya 8.1 na 9.4 mmol/L, nikiwa nimemeza, kati ya 8.3 na 9.6. Hiyo si tofauti. Kiwango cha kimataifa cha vipima sukari vya nyumbani kinaruhusu kosa la asilimia 15 kwa vipimo vya juu, kwa hiyo 9 kwenye kioo inaweza kuwa karibu 8 au kupita 10. Sababu ya matokeo kuwa sawa iko wazi: kongosho lenye afya linatoa amilesi nyingi kuliko mlo unavyohitaji, na kapsuli moja inamwaga maji baharini.

Tumbo lilikuwa jepesi kidogo baada ya nyama na vyakula vya mafuta. Gesi ya maharage haikupungua, na lebo inaeleza kwa nini: sukari za maharage zinavunjwa na kimeng'enya kiitwacho alfa-galaktosidesi, nacho hakimo. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yale kulisaidia zaidi, bila gharama. Kuhara je? Mtumiaji wa metformin aanze kuishuku metformin yenyewe kabla ya kununua kopo. Imezwe katikati ya mlo, na daktari aulizwe kuhusu ile inayoyeyuka polepole.

Kuna watu ambao kopo hili halifai kabisa. Anayetumia acarbose, dawa nyingine ya kisukari, asichanganye: dawa hiyo inazuia wanga usivunjwe, na kapsuli inaleta amilesi ya kuuvunja, kwa hiyo moja inaharibu kazi ya nyingine. (Na mtu huyo sukari ikimshuka apewe glukosi, sukari ya mezani itachelewa kumfikia.) Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, aogope papeini na bromeleini, kwa hofu ya kuvuja damu.

Wanaohitaji vimeng'enya kweli ni wale ambao kongosho lao limeharibika, kwa kuvimba kwa muda mrefu au kwa upasuaji. Hao wanaweza kupata kisukari kinachoitwa aina 3c. Dalili ni choo cha mafuta kinachoelea na kunuka vikali, na uzito kupungua mtu akila vizuri. Kipimo ni cha elastasi, kimeng'enya cha kongosho, kwenye kinyesi. Chini ya mikrogramu 200 kwa gramu kunaashiria upungufu, chini ya 100 ni upungufu mkubwa. Dawa yao ni ya kuandikiwa, mfano Creon, inayotengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Mwislamu aambiwe mapema ili aamue akijua. Mtu mzima mara nyingi anaanzia uniti 40,000 hadi 50,000 za lipesi kwa mlo, nusu yake kwa kitafunwa. Kapsuli ya kwanza inamezwa na tonge la kwanza, nyingine katikati ya mlo. Ukizimeza zote baada ya kumaliza kula, chakula kimeshatangulia. Chembe zake hazitafunwi, zinachoma mdomo. Na hapa ndipo sukari inapobadilika kweli: chakula kilichokuwa kinapita bure sasa kinafyonzwa, sukari inapanda, na insulini inaweza kuhitaji kuongezwa. Wiki za mwanzo mtu apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, ampelekee daktari daftari lake.

Lebo ya kopo langu inataja miligramu tu, nayo haikuambii nguvu. Tafuta lebo yenye uniti: HUT kwa protesi, DU kwa amilesi, FIP kwa lipesi.

Sitanunua kopo jingine. Nimebaki na vidonge vya laktesi peke yake kwa siku za maziwa, na sukari ya maziwa hayo naihesabu: kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 12 za sukari ya maziwa, na ukimeza laktesi gramu hizo zinaingia kwenye damu badala ya kuishia kuwa gesi.