WhatsApp kama ukumbi wa ubishi wa vyama kwa Wakristo: tumeipima

Je, Mkristo aingie kwenye mabishano ya vyama? Aingie, ila asiuburute ushirika mzima nyuma yake. Katika wale mitume 12 wa Yesu, Mathayo alikuwa mtoza ushuru, yaani mkusanya kodi wa watawala, na Simoni aliitwa Zelote, jina la waliopinga utawala wa Rumi. Watu wa kambi hizo mbili hawakuwa na kawaida ya kukaa meza moja, na hakuna andiko linaloonyesha kwamba waliamriwa kuwa na msimamo mmoja kuhusu kodi. Kinachosumbua zaidi ni mahali pa kubishania, na siku hizi mahali penyewe ni kundi la WhatsApp.

Kama ubishi unafanyika ndani ya kundi la kanisa, alama ni 2 kati ya 10. Kundi lile ndilo linalobeba ratiba ya ibada, majina ya wagonjwa wa kuombewa na taarifa za misiba, kwa hiyo aliyechoshwa na kampeni hawezi kutoka bila kupitwa na msiba wa jirani yake. Atalizima sauti tu, kisha ataacha kulisoma. Wanaobaki wakisikika ni watatu wanne wenye vidole vyepesi, na mgeni aliyeongezwa juzi anadhani hao ndio kanisa. Dawa ni ndogo: kwenye ruhusa za kundi, weka maadmini pekee watume ujumbe, na matangazo yabaki matangazo.

Ubishi ufunguliwe kundi la pembeni, la hiari, watu wakiomba kujiunga na admini akiidhinisha. WhatsApp inaruhusu wanachama 1,024; zaidi ya 30 hamtaelewana. Ruhusa ileile ya maadmini pekee hapa inageuka kengele: ifungueni saa 2 usiku, ifungeni saa 3. Hoja moja kwa kikao, tena iwe ya sera wala si ya mtu. “Ilani ya chama fulani kuhusu ada za shule, ukurasa wa 14” ni hoja. “Yule si mcha Mungu” si hoja. Kila msemaji apate jumbe mbili zisizozidi maneno 150, na ujumbe wa pili uanze kwa kueleza hoja ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali, “Ndiyo, hicho ndicho nilichosema.” Sharti hili pekee huua nusu ya ugomvi, kwa sababu nusu ya ugomvi hujengwa juu ya maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Ujumbe wa sauti upigwe marufuku: hauwezi kunukuliwa kwa usahihi, na hakuna atakayerudia dakika saba kutafuta sentensi moja.

Zana ya kura ndiyo mtego mkubwa. Inavutia, inakubali hadi chaguo 12, lakini kwa kawaida ukigusa matokeo unaona majina ya waliochagua kila jibu. Kuuliza “Utampigia nani?” kwa zana hiyo ni kuwaorodhesha ndugu kwa vyama vyao, na picha ya skrini itafika usikokutaka. Usimbaji, yaani kufunga ujumbe kwa siri ili asiyehusika asiusome, hulinda ujumbe ukiwa njiani. Haumzuii aliye ndani kuupiga picha. Kura itumike kuchagua siku ya kikao, basi.

Uvumi unazuiwa nusunusu. Ujumbe uliokwisha kusambazwa kupitia mazungumzo 5 au zaidi hupata mishale miwili, na kutoka hapo unatumwa sehemu moja moja tu. Ni breki nzuri, ila anayenakili maneno na kuyabandika upya anaiondoa mishale yote. Kwa hiyo sheria ya kundi isitegemee mishale: anayeleta tuhuma alete na chanzo. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haina kipengele cha msimu wa uchaguzi, na “nimeletewa tu kama nilivyopata” haimwokoi mtu.

Kufuta nako kuna namna yake. Admini akifuta ujumbe wa mwanachama, nafasi inabaki na maelezo kwamba admini fulani ameufuta. Hapo hoja iliyofutwa inasahaulika na ubishi unahamia kwa aliyefuta: “Kumbe na wewe ni wa chama kile!” Wekeni maadmini wawili wenye mielekeo tofauti, na kila mmoja afute ya upande wake. Mchungaji asiwe admini. Akifuta yeye, itasomeka kama hukumu ya madhabahu. Kukaripiana kuanze faraghani kama Mathayo 18:15 inavyotaka, na kwa simu ya kawaida kuliko maandishi.

Kitu ambacho mipangilio haiwezi kukutengenezea ni kupambanua amri na maoni. Kumjali maskini ni amri. Ruzuku au punguzo la kodi, kipi kinamfikia maskini haraka, ni maoni, na waumini wawili waaminifu wanaweza kuachana hapo. Anayebandika Warumi 13 (kutii mamlaka) aulizwe kuhusu Matendo 5:29 (kumtii Mungu kuliko wanadamu), na wa Matendo aulizwe kuhusu Warumi. Kwa kundi la pembeni lenye masharti haya tunatoa 7.

Siku hizi mtu akitoka, maadmini ndio wanaoarifiwa, kundi zima halipigiwi mbiu. Admini asimrudishe bila kumuuliza. Ampigie wiki hiyohiyo, amjulie hali, na habari za vyama asizigusie.