Xfce kwenye laptopu za mtumba: miezi minne steshenari, naipa nyota nne

Wadau habari za muda huu. Mi nina steshenari ndogo huku Mbagala Rangi Tatu, fotokopi, kuprinti, kuchapa barua, kuwajazia watu fomu za mtandaoni, na kazi yote inapita kwenye laptopu tatu za mtumba nilizonunua Kariakoo kwa nyakati tofauti, zote Core i3 kizazi cha tatu, ramu 4GB. Sasa Windows 10 ilivyofika mwisho wa kupewa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo mashine zangu hazina, nikaona hapa ama ninunue mpya, hela yenyewe ya kodi ya fremu naisaka, ama nihamie Linux. Nikahamia. Nimeweka Ubuntu 24.04, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, na juu yake nikaweka deskitopu inayoitwa Xfce, mpaka sasa laptopu mbili. Hiyo Xfce ndo naiongelea leo, maana ndo kitu ambacho mimi na dada wa kaunta tunakitazama kuanzia asubuhi mpaka tunafunga.

Kwa ambaye hajawahi kugusa Linux, kule deskitopu yaani paneli, menyu, madirisha na ikoni ni programu tu zinazokaa juu ya mfumo, unatoa hii unaweka ile na mafaili yako yanabaki palepale. Xfce ni ya siku nyingi, Olivier Fourdan aliianzisha 1996, na nembo yake ni panya. Imegawanywa vipande vipande: xfwm4 inashika madirisha, xfce4-panel ndo ule mstari wenye saa na menyu, xfdesktop inaweka picha ya nyuma, Thunar inafungua mafaili. Shikeni hivyo vipande maana huko chini ndo vilivyoniokoa.

Kwanini sikubaki na deskitopu iliyokuja na Ubuntu? Ni nzuri kwa kweli, ila inataka mashine yenye nafasi. Kwangu nikiwasha tu, kabla sijafungua chochote, komandi ya free -h, inayoonyesha ramu iliyotumika, inaniambia giga moja na nusu imeshaliwa, nikifungua brauza yenye fomu ya mkopo ya HESLB na LibreOffice pembeni mashine inaanza kuhema, na mwanafunzi amesimama hapo dirishani anakuangalia. Nilivyohamia Xfce ile giga moja na nusu ikashuka mpaka kama megabaiti 700. Kwenye ramu 4GB hiyo tofauti unaihisi kwenye kidole, unabonyeza kitu na kitu kinafunguka.

Kuinstoli sasa. Komandi yenyewe ni moja, unaiandika kwenye terminal, lile dirisha la kuandikia komandi:

sudo apt install xfce4 xfce4-goodies lightdm lightdm-gtk-greeter

Msiache hiyo goodies, ndani yake kuna Whisker Menu, menyu ya kutafuta programu kwa kuandika jina, bila hiyo mtu aliyezoea Windows atapotea. Na hiyo lightdm ndo inayoleta ile skrini ya kuandika paswedi, kwa hiyo katikati ya kuinstoli inakuja skrini inakuuliza utumie ipi, gdm3 iliyokuja na Ubuntu au lightdm, nikachagua lightdm. Bando liwepo la kutosha kabla hujaanza, ni mamia ya megabaiti.

Mimi umeme ukakatika katikati, na betri ya ile laptopu ilishakufa zamani, ikazima palepale wakati inafungua mapakiti, yaani mafurushi ya programu. Nilivyowasha nikakuta skrini nyeusi na kikasori kinapepesa juu kushoto, basi. Niliogopa sana, maana ndani kulikuwa na kazi za wateja ambazo sijaziprinti. Nikabonyeza Ctrl+Alt+F3, ikaja skrini ya maandishi matupu, nikalogini na jina na paswedi ileile, nikaandika sudo dpkg --configure -a, hii inaenda kumalizia kila pakiti iliyoachwa njiani, ikaniuliza tena lile swali la lightdm, nikajibu, nikamalizia na sudo apt install -f ikavuta vilivyopungua, nikawasha upya. Skrini ya kulogini ikaja. Hakuna faili lililopotea hata moja. Kama ingekuja bado nyeusi ningeandika sudo dpkg-reconfigure lightdm nichague upya, haikufika huko. Kabla ya paswedi kuna kialama pale juu kulia cha kuchagua sesheni, yaani deskitopu ya kuingia, chagua Xfce Session, vinginevyo unaweza kuingia kwenye deskitopu ya zamani ukadhani hujainstoli kitu.

Wiki ya kwanza hamna shida. Kuna mwalimu mstaafu anakujaga kuchapa barua zake, akauliza mmenunua kompyuta mpya, dada wa kaunta akamwambia hapana babu ni ileile, hakuamini mpaka alipoona ile stika ya zamani kwenye mfuniko.

Shida ya kwanza kubwa ikaja mwezi wa pili. Unaandika paswedi, skrini inaruka kidogo, inakurudisha palepale kwenye paswedi. Ukikosea paswedi inakwambia umekosea, hii haisemi kitu, inakurudisha tu, unaweza kuzunguka hapo mchana kutwa. Nikampelekea fundi mmoja, jina simtaji, akaniambia Linux ndo zilivyo, lete nikupigie Windows, na mafaili sikuhakikishii. Nikarudi na laptopu yangu. Jamani fundi usimfutie mtu mashine kabla hujaangalia nafasi kwenye diski! Nikaenda Ctrl+Alt+F3, nikalogini, humo nikaingia vizuri kabisa, kwa hiyo paswedi ni sawa na mfumo ni mzima, kilichokufa ni kuanza kwa deskitopu tu. Nikaandika df -h, inayoonyesha nafasi ya diski iliyotumika, nikakuta asilimia 100. Nilikata kipande cha diski cha GB 25 tu wakati nainstoli, na skani za wateja zilikuwa zinarundikana humo tangu siku ya kwanza. Deskitopu ikitaka kuanza lazima iandike vifaili vidogo kwenye folda lako, kama .Xauthority, nafasi ikiwa sifuri haiandiki, inakufa, unarudishwa kwenye paswedi. Nikapiga sudo apt clean kufuta mapakiti yaliyoshushwa, sudo journalctl --vacuum-size=200M kupunguza kumbukumbu za mfumo, halafu nikafuta zile skani. Na hili la skani nataka niliseme kwa uzito kwa wenzangu wa steshenari, vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu havitakiwi kukaa kwenye mashine zetu mtu akishaondoka na karatasi yake, mimi nilikuwa nakosea na sasa tunafuta kila jioni.

Ya pili ilikuwa paneli. Asubuhi unawasha, picha ya nyuma ipo, paneli haipo, hamna menyu hamna saa. Nabonyeza Alt+F2, naandika xfce4-panel, inarudi, kesho yake haipo tena. Siku tatu hivyo. Kumbe ukitaka kutoka kuna kisanduku kwenye ile skrini ya kuzima kinachosema ihifadhi sesheni, siku moja paneli ilikwama ikafungwa, dada akazima akiwa ameweka tiki pale, basi Xfce ikashika kwamba huyu mtu deskitopu yake haina paneli, na kila asubuhi inamletea kama alivyoiacha. Nikafuta vilivyomo kwenye ~/.cache/sessions, nikatoa tiki, nikalogini upya, haijarudi mpaka leo. Hapa ndo niliipenda zaidi, kwa sababu kipande kimoja kikikosekana vingine vinaendelea, mteja aliendelea kuchapiwa barua yake huku mimi natafuta paneli ilipo.

Nyota moja naikata kwa haya. Kitufe cha Windows kwenye kibodi hakifungui menyu kwa kuanzia, inabidi uende kwenye mipangilio ya kibodi uongeze mwenyewe komandi ya xfce4-popup-whiskermenu ndo ukipe hicho kitufe, na hili kwa mtu mgeni ni usumbufu wa bure. Muonekano wa mwanzo nao ni wa kizamani, nilikaa jioni nzima napanga rangi na ikoni. Skrini zangu ni 1366 kwa 768 na zinaonekana safi, ila mwenye skrini ya 4K aangalie kwanza, kukuza maandishi kwa vipimo vya katikati, kama asilimia 125 au 150, sio nguvu ya Xfce. Na anayetaka Wayland, njia mpya ya Linux ya kuchora madirisha kwenye skrini, bado, toleo la 4.20 la Desemba 2024 limeileta kwa majaribio tu, na Ubuntu 24.04 yenyewe ina 4.18.

Printa sijahesabu humu, kule kazi ni ya CUPS, programu ya Linux inayoshughulikia printa, na yangu ilikubali yenyewe nilivyochomeka. Nyaraka za Word zikija zimekaa vibaya weka fonti za Carlito na Caladea, zina upana uleule wa Calibri na Cambria, mistari inakaa ilipokuwa.

Imebaki laptopu ya tatu. Nimeipangia Jumapili tukifunga, ile betri yake inashika masaa mawili, na safari hii naikatia diski nzima.