Avatar na District 9: nani anapewa sauti?

Filamu hizi mbili zilitoka mwaka 2009, na zote zinahusu watu kung'olewa kwao. Katika Avatar, Wana'vi, wenyeji wa dunia nyingine ya mbali, wanafukuzwa kwa sababu ya madini yaliyo chini ya mti wao. Inapendeza macho, lakini anayewaongoza vitani ni Jake, askari mgeni. Hilo linaniuma.

Kwa siasa naichagua District 9. Tuko Johannesburg, kwenye vibanda vya mabati wanamoishi viumbe waliotoka anga za mbali. Wikus, afisa anayesimamia kuwahamisha, anabisha hodi mlango kwa mlango, karatasi ya kuhamishwa mkononi, akitaka sahihi. Waliobomolewa nyumba District Six, mtaa wa Cape Town uliovunjwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, wanaijua karatasi hiyo. Ila Wanaijeria wamechorwa majambazi na walaji watu. Waziri wao wa habari wa wakati huo, Dora Akunyili, alitaka kumbi ziache kuionyesha, na hasira yake naielewa kabisa.