Bundi wa fedha shingoni: miezi saba na kidani nilichonunua Athens

Bibi yangu wa Pangani aliponiona kwenye video ya WhatsApp hakuuliza hata habari za baridi. Akasogeza simu mpaka nikawa naona paji la uso tu, akasema, "Mjukuu wangu, hicho shingoni nini hicho? Mbona kama bundi?" Nikamwambia ndiyo bibi, bundi, ni wa fedha. Kimya. Halafu simu ikapewa mama.

Basi ndicho kidani chenyewe ninachotaka kukielezea hapa, maana kila nikikivaa kuna mtu ananiuliza nimekitoa wapi, shilingi ngapi, kinapauka au hakipauki, na nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Mi naishi Hamburg, na mwezi wa tisa mwaka jana tulikwenda Athens siku sita na rafiki yangu wa kazini. Sikwenda kununua vito, nilikwenda kuota jua. Siku ya pili jua likatuzidi, tukaingia Makumbusho ya Sarafu pale barabara ya Panepistimiou, na nisiwadanganye, tuliingia kwa sababu ya mgahawa wao wa bustanini, una miti na kivuli cha maana. Jengo lenyewe ilikuwa nyumba ya Heinrich Schliemann, yule Mjerumani aliyechimba mji wa kale wa Troy, kwa hiyo ni la kifahari kweli, ila ndani ni sarafu tu, chumba baada ya chumba, nikajua dakika kumi nitakuwa nimeshaboeka. Nikakaa saa mbili.

Kilichonishika ni ile sarafu ya kale ya drakma nne ya Athens, drakma ndiyo pesa yao ya zamani, wao wanaiita tetradrakma. Ni donge la fedha la gramu 17 na kitu, nene, si kama hizi sarafu zetu nyembamba. Upande mmoja Athena, mungu wao wa kike wa hekima, na kofia yake ya vita, upande wa pili bundi, mwili wake umeelekea kulia lakini uso amekugeuzia wewe, macho makavu kama mtu aliyekukuta unachungulia chungu chake. Nyuma ya kichwa kuna kitawi cha mzeituni na kimwezi kichanga, pembeni herufi tatu ΑΘΕ, yaani ni ya Waathene. Fedha yake ilitoka machimbo ya Laurion, wakichimba watumwa. Mwaka 483 KK walipata mshipa mnono huko, wananchi wakataka wagawane, kiongozi wao Themistokles akawashawishi wajengee manowari, na 480 KK ndio hizo meli zilizowapiga Waajemi pale kisiwa cha Salamis. Nikafungua pochi yangu, nikatoa euro moja ya Kigiriki niliyorudishiwa chenji asubuhi, na nani yupo? Bundi yuleyule, na kitawi chake na mwezi wake. Wameiweka sarafu ya zamani ndani ya sarafu mpya tangu 2002 na mi miaka yote hiyo nainunulia mkate tu bila kuiangalia.

Ndio nikatoka pale nikiwa nimeshaamua namtaka yule ndege.

Sasa ukishuka mtaa wa Monastiraki utakuta hizo sarafu za kuvaa zimejaa kwenye vibanda, euro nane, euro kumi, hizo achana nazo, ni madini ya ajabu yamepakwa rangi, wiki mbili shingo inakuwa ya kijani. Mi nilipata kwenye kaduka kadogo mtaa wa Plaka, kwenye vichochoro vya kupandia Akropoli, ile ngome ya kale ya juu ya kilima, kana mama mmoja wa makamo na miwani ya kukuzia kaifunga kichwani. Nilimpenda kwa sababu hakunifuata fuata. Nilipomuuliza ni fedha kweli akanipa ile lenzi niitafute mwenyewe mhuri wa 925, maana yake kila sehemu elfu moja 925 ni fedha na inayobaki mara nyingi ni shaba ya kuipa ugumu, halafu akakiweka kidani kwenye mizani mbele yangu, gramu 12. Na akaniambia wazi ni nakala. Hilo ni zuri, kwa sababu sarafu ya kale hauruhusiwi kuitoa Ugiriki bila kibali, ukikutana na mtu anakunong'oneza kwamba yake ni orijino, wewe piga hatua.

Alikuwa na vingine vingi. Pegaso wa Korintho, yule farasi mwenye mabawa, sarafu za mfalme Aleksanda zile zenye shujaa Herakles kavaa ngozi ya simba kichwani, na Arethusa, binti wa chemchemi wa Sirakusa, kazungukwa na pomboo, huyo kusema kweli ndiye mzuri kuliko wote, nywele zake utadhani kasukwa juzi. Pete ya Medusa, yule wa hadithi mwenye nywele za nyoka, sikuipenda, wale nyoka wamemiminwa ovyo, wanaonekana kama tambi.

Kidani euro 74, mkufu wa sentimita 50 euro 28. Nikaomba anipunguzie kama nilivyolelewa, akaniachia vyote 95.

Kazi yenyewe nimeiangalia kwa karibu mara nyingi na bado inanifurahisha. Kwanza picha hawakuinyoosha ikae katikati. Zamani walikuwa wanagonga kwa nyundo moja moja, kwa hiyo picha nyingi zimekaa upande, na changu pia kile kishungi cha juu cha kofia ya Athena kimekatwa na ukingo. Rafiki yangu akadhani nimeuziwa mbovu. Pili, kinazunguka ndani ya pete yake, kwa hiyo unachagua leo uvae Athena au bundi. Tatu, kwenye mabonde wameiweka nyeusi makusudi, ndio inayofanya manyoya na macho yatokeze.

Matatizo sasa. Mkufu ulikatika wiki ya tatu, nikiwa ndani ya treni, bahati nzuri kidani kikadondokea kwenye skafu. Kile kipete cha mwisho kinachoshika kufuli kilikuwa kimebanwa tu, hakijalehemewa. Kwa euro 28 hiyo ni aibu jamani. Nikawaandikia na picha, wakakaa siku tano kimya, halafu wakaniletea mkufu mwingine bure, huo hadi leo uko salama. Kwa hiyo hapo siwezi kuwalaumu sana, ila ukinunua kitu kama hiki vuta vuta kufuli hapohapo dukani.

La pili ni ujinga wangu mwenyewe. Mwezi wa nne kilianza kufifia, nikaona mtandaoni ile mbinu ya maji ya moto, bekingi soda na karatasi la foili, nikasema mbona rahisi. Nikatumbukiza. Ikatoka harufu ya mayai viza, nikadhani ndio dawa inafanya kazi, na kweli ilifanya, ikaondoa weusi wote, wa uchafu na ule wa makusudi. Nilipokitoa yule bundi hana macho. Amekuwa mweupe peee kama kuku aliyenyonyolewa. Nilikaa jikoni namwangalia nikataka kulia. Ikabidi nimpeleke kwa sonara mmoja wa Kituruki mtaani kwetu, akacheka kwanza, halafu akampaka dawa ya salfa akawa mweusi tii mwili mzima, akamfuta kwa kitambaa sehemu za juu tu, taratibu, mpaka macho yakarudi. Euro 15. Sasa hivi nafuta kwa kitambaa kikavu basi, na pafyumu napuliza kabla sijavaa.

Baadaye nikaagiza mtandaoni kwao hereni za Pegaso za dada yangu, euro 52, zikafika siku ya tisa. Ni nyepesi, hazivuti sikio. Sikumwambia kwamba huyo farasi alitoka kwenye damu ya Medusa alipokatwa kichwa, angezirudisha.

Na huyu wangu nyumbani kulikuwa na kesi. Kwetu bundi akilia juu ya bati watu wanaamka wanaanza kuhesabu wagonjwa, sasa mimi nimemlipia euro 95 nimlaze kifuani. Nikajitetea kwa mama kwamba huko ni ndege wa akili na ni wa bahati, mama akasema, "Huko ni huko. Bibi yako hajalala." Basi nikipiga simu Pangani nakigeuza, naweka upande wa Athena. Mara ya kwanza bibi kumwona akatulia, akaenda akachukua kisanduku chake, akanionyesha kidani cha mama yake chenye reale mbili za fedha, zile za Maria Theresa, yule mama mtawala wa Austria, zenye mwaka 1780 zilizokuwa zikitumika pwani nzima, zimetobolewa juu zikatiwa kamba. Mwanamke kwenye sarafu, shingoni. Akasema huyo wako hana tofauti na huyu, ila wangu mnene.

Halafu akaniuliza, huyo mwenye kofia ana mume?

Nikamwambia hana bibi, hakuolewa kabisa.

"Ndiyo maana afuga bundi."