Darubini ya vipepeo: nimepanda nayo Kiboriani

Darubini yangu ya kwanza, ya 10x42 (inakuza mara kumi, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42), niliinunua hapa Dodoma mjini baada ya muuzaji kuniapia kwamba inafaa kwa kila kitu. Kwa tai, sawa. Kwa kipepeo ilikuwa kazi bure: ukimkaribia chini ya mita nne unaona ukungu mtupu, ukirudi nyuma ameshakuwa nukta. Ndipo nikaagiza Pentax Papilio II ya 6.5x21, ambayo inaona safi kuanzia nusu mita. Siku ilipofika niliijaribu kwenye kidole changu. Mistari ya ngozi ilionekana kama matuta ya shamba.

Julai nikaipandisha Kiboriani, juu ya Mpwapwa, pamoja na wanafunzi wawili. Saa mbili asubuhi, upepo unakata. Juu ya jiwe ametua kipepeo Vanessa cardui, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, kakunjua mabawa yote na mgongo kaupa jua. Kipepeo haruki mpaka misuli ya kifua ipate moto, kwa hiyo asubuhi ya mlimani kazi yake ya kwanza ni kuota jua. (Kule Alps, milima ya Ulaya, kwenye baridi ya kweli, vipepeo wa jamii ya Erebia wana mabawa ya kahawia iliyokolea, yanayowahi kushika joto.) Niliona vinyweleo vya kifuani vikitikiswa na upepo, na mrija wake wa kunyonyea umejikunja kama mkia wa kinyonga. “Mwalimu, kumbe ana manyoya!” Wingu likapita. Akafumba mabawa, akawa jani kavu mbele ya macho yetu.

Bei si mchezo kwa mshahara wa mwalimu, lakini sijutii hata shilingi.

Alasiri madume hushika kilele wakingoja majike. Akipita mwingine, wanapanda angani wakizungukana, kisha mmoja anarudi jiwe lilelile. Hapo ukuzaji wa 6.5 unatosha kabisa: mkono hautetemeshi picha, na unaweza kumfuata akiruka. Kwa ndege wa jioni, giza likianza, chukua yenye lenzi kubwa zaidi.

Ukienda, usimfunike kwa kivuli chako. Kikimgusa tu, kaondoka. Jua liwe ubavuni, magoti chini, sogea polepole.